Nilitangaza Nauza "Meno" Kariakoo, Wanunuzi Wakaja na Pingu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya. Nyuzi zenu nyingi nimezisoma nikiwa nimesimama, nasubiri ganzi ishike mdomoni mwa mtu. Leo nimeona na mimi niandike. Haya yamenitokea mwenyewe, sijasimuliwa, na sijaongeza chumvi kwa sababu yenyewe yalikuja yameshakolea. Majina tu nimebadilisha, maana mmoja wa wahusika anatembea na kitambulisho chenye nembo, na sina hamu ya kuonana naye tena.

Mimi ni daktari wa meno. Kwa miaka kumi na tatu nilikuwa na kliniki yangu Kariakoo. Niliianzisha, ikakua, nikaiuza. Uzi huu ni wa namna nilivyoiuza, ila lazima nianzie mbali kidogo ili muone ujinga uliingilia wapi. Vuteni viti.

Nilianza na kiti kimoja cha meno, used, kilikuja kwenye kontena la watu. Kukitoa bandarini ni uzi mwingine, nikiuandika nitapandisha presha bure. Siku kilipofika Kariakoo lori likagoma kuingia mtaani, si mnajua barabara zetu, upande huu viatu upande ule sufuria. Ikabidi kipandishwe mkokoteni, halafu jamaa wanne wakibebe mpaka ghorofa ya pili.

Walipofika kwenye kona ya ngazi wakakitua. Mmoja wao, jitu lenye mabega mapana, akakaa juu yake. Akasema apumzike dakika mbili. Akalala kabisa, anakoroma.

Tukamwamsha. Akasema jamani kiti hiki kitamu, halafu mimi nina gego linanisumbua wiki ya pili, silali.

Basi huyo ndiye mgonjwa wangu wa kwanza. Rangi ya ukuta haijakauka, mapazia hakuna. Nikamng'oa. Kesho yake wakaja wabeba mizigo sita, wote wameshika mashavu. Keshokutwa wakaja na wake zao. Sikuwahi kulipia tangazo hata moja.

Sasa jina.

Nilitengeneza kibao kirefu cha maana: KLINIKI YA KINYWA NA MENO, na chini yake Kiingereza kingi cha kujisifu. Kikafungwa ukutani juu ya duka la mabegi. Wiki haikuisha, mwenye duka akaanza kutundika mabegi yake juu kwa juu mpaka yakafunika kibao chote. Kilichobaki kuonekana ni neno moja la mwisho: MENO.

Nikashuka kulalamika. Mwenye duka akanijibu kwa upole kabisa kwamba hilo ndilo neno la muhimu, mengine yote yalikuwa mbwembwe. Nikapanda ngazi zangu.

Likawa ndilo jina. Watu wanaelekezana: panda ngazi za Meno. Mzigo ushushe mbele ya Meno. Asubuhi wanauliza, "Meno imefunguliwa?" Siyo "yamefunguliwa", wakuu. Imefunguliwa. Hiyo ngeli ishikeni, itaniingiza matatani muda si mrefu.

Kuendesha kliniki Kariakoo siyo kama walivyotufundisha chuoni. Kwanza appointment haipo. Unampigia mtu, umemwandika saa tatu, anakwambia nipo hapo chini nakuja. Hapo chini ni mtaa wa Gerezani, na kuja ni saa nane mchana.

Pili, watu wa Kariakoo hawajui bei moja. Mama mmoja wa vitenge alikuja na gego limeoza. Nikamtajia bei, akauliza nikitoa mawili unaniachiaje? Nikamwambia mama, hilo la pili ni zima. Akasema la pili siyo langu, ni la mdogo wangu huyo amekaa nje, tuhesabie bei ya jumla. Mwishowe nikawahesabia, ningefanyaje.

Aliyenifundisha kuishi na watu hawa ni nesi wangu, Sista Leokadia, mtaa mzima unamwita Sista Leo. Tulianza naye siku ile ile ya mkokoteni. Ni mama wa Rombo, mfupi, sauti yake haipandi hata jengo likiungua. Alikuwa ananisaidia kwenye kiti, anapokea wagonjwa, anagombana na fundi wa jenereta, na kazi nyingine ambazo haziandikwi kwenye mkataba.

Mfano. Mfanyabiashara yuko kwenye kiti, mdomo wazi, mimi niko ndani na mashine. Simu yake inaita, mnunuzi kutoka Tunduma. Anamkodolea Sista macho. Sista anapokea simu, anaongea na Tunduma, huku anamwangalia mgonjwa nyusi. Nyusi zikipanda, bei haijafika. Zikishuka, funga mzigo. Nimeshuhudia marobota ya mitumba yakiuzwa hivyo na jino likizibwa hivyo, kwa wakati mmoja.

Tukakua. Kiti cha pili, cha tatu. Nikaajiri madaktari vijana wawili. Ikafika mahali watu wanaacha kofia na ndala kwenye benchi la mapokezi kushika nafasi, wao wako chini wanauza.

Halafu mgongo ukagoma.

Kumchungulia mtu kooni miaka kumi na tatu ukiwa umepinda siyo mchezo. Asubuhi nikawa sivai soksi mpaka mama watoto anisaidie. Nikaenda kwa mtaalamu wa viungo, akanikandakanda, akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia akasema basi chagua, kazi au kutembea. Alivyosema kirahisi, ungedhani ananiuliza chai au kahawa.

Kufunga sikutaka. Kufunga ni rahisi, unatoa kiti unafunga mlango. Lakini pale kulikuwa na watu saba wanaolisha familia zao, na mtaa mzima uliokuwa unanikabidhi midomo yake. Nilitaka nimuuzie mtu atakayeiendesha ikiwa hai.

Hapo ndipo nikapata mshauri. Jamaa yangu wa chuo, amesoma mambo ya biashara, akaniambia kuuza kampuni ni siri. Wagonjwa wakijua watahama. Wafanyakazi wakijua watatafuta kazi kwingine, utajikuta unauza kuta. "Usimwambie hata nesi wako," akasisitiza.

Wakuu, nikamsikiliza. Hili ndilo kosa langu, mengine yote ni matawi yake.

Sikumwambia Sista Leo. Nikamwita Shebi. Shebi ni dalali wa fremu, hakuna chumba Kariakoo asichojua kodi yake. Nikamwambia: Shebi, nauza Meno. Nauza yote, sitaki mtu wa nusu nusu. Mteja awe na uwezo, asiwe muongeaji, na mambo yaende kimya kimya.

Shebi akaelewa vizuri tu, kwa sababu Meno anaijua, hata jino lake la mbele nililiziba mimi. Shida ni kwamba dalali wa Kariakoo hafanyi kazi peke yake. Ana mwenzake Ilala, mwenzake ana mwenzake Temeke, kila mmoja anaongeza bei apate cha juu chake. Shebi akaandika ujumbe kwenye simu, nimeusoma baadaye, na neno kwa neno ulikuwa hivi:

"Kuna mtu wa uhakika Kkoo anauza meno. Mzigo kamili, havunji. Hataki kelele. Mwenye uwezo aje."

Nyie wenyewe mnaona. Hakuandika kliniki. Hakuandika hata herufi kubwa. Kwa mtu wa mtaa wetu huo ujumbe hauna utata wowote. Ulipovuka Msimbazi tu, ukawa na maana nyingine kabisa, maana mjini anayeuza meno kwa siri, mzigo mzima, wote tunajua ni meno ya mnyama gani.

Siku nne baadaye nikapigiwa simu. Sauti nzito, anaongea taratibu.

"Wewe ndiye mwenye meno?"

Nikasema ndiye.

"Yako mazima?"

Nikawaza huyu ni mtu wa bara sana, ngeli zinampiga chenga. Mimi mwenyewe wa Machame lakini nikamcheka kimoyomoyo. Nikamjibu kila kitu ni kizima, mwezi uliopita tu nimefanya service.

Akauliza umri. Nikasema miaka kumi na tatu. Akauliza uzito. Nikajua anataka kujua biashara ina nguvu kiasi gani, nikamwambia kwa uzito Kariakoo hii hakuna anayenifikia. Akauliza nashirikiana na nani. Nikasema kwenye kuuza niko peke yangu, kuna nesi mmoja lakini hajui chochote, na nisingependa ajue.

Halafu akauliza kama nina vibali. Wakuu, hapo nilijidai. Nikamwambia vibali vyote ninavyo, vimebandikwa ukutani, hata wagonjwa wanaviona.

Nikasikia ameziba simu kwa mkono anamnong'oneza mtu: "Anasema ana vibali. Vimebandikwa ukutani."

Nikaona huyu ndiye mnunuzi. Mtu makini, anauliza maswali ya maana. Tukakubaliana aje asubuhi saa nne.

Wakaja watatu. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, wamevaa makoti. Benchi limejaa, watu saba wana namba zao mkononi. Nikamwambia Sista Leo hawa ni watu wa bima, wamekuja kukagua, asitusumbue. Sista akawaangalia viatu.

Nikawaingiza chumba cha ndani, nikafunga mlango. Nikaanza maelezo. Kiti hiki ni hivi, mashine ya picha ni hivi, compressor iko juu ya paa. Nilikuwa nimefanya mazoezi usiku kucha mbele ya kioo. Wao wanaangaliana tu.

Yule mkubwa wao, jamaa mnene mwenye sauti ya kwenye simu, akasema, "Dokta, tuonyeshe mzigo."

Nikafungua kabati la mifano ya plasta, ile tunayotengeneza kwa ajili ya meno ya bandia. Taya arobaini na kitu, zimepangwa vizuri, kila moja ina jina la mtu. Nikasema hii ni sehemu ndogo tu.

Mwanamke akarudi nyuma hatua moja.

"Tuache utani," akasema yule mnene. "Meno yako wapi?"

"Meno ndiyo hii," nikamwambia. "Mmesimama ndani yake."

Akaona nawadharau. Akatoa kitambulisho. Mwenzake akatoa pingu kwenye koti. Nikaambiwa nipo chini ya ulinzi kwa tuhuma za kufanya biashara ya meno ya tembo, ambayo ni nyara za serikali.

Wakuu, nimesoma miaka mitano meno ya binadamu. Tembo sijawahi kumkaribia, na siku shule ilipotupeleka mbugani mimi nilibaki nyumbani naumwa tumbo. Akili ikaniganda. Na katika kuganda huko nikajitetea kwa sentensi ambayo hata leo nikiikumbuka natoka jasho:

"Afande, mimi nauza ya binadamu tu."

Yule mwanamke akatoa daftari, akaiandika.

Nje wakatangaza hakuna mtu kutoka. Mzee mmoja wa samaki wakavu akauliza kwani nani anatoka, namba yangu ni ya tatu. Mama mwingine akamwomba askari asogee pembeni kidogo, anaziba feni. Nikatolewa chumbani nina pingu, napita mbele ya watu wangu, na wa kwanza kwenye foleni akauliza kama Dokta atachelewa kurudi.

Sista Leo akaja akasimama mbele yetu. Akamwuliza yule mnene, kwa sauti yake ile ile ya kuuliza mtu kama ameshakula, "Samahani baba, habari hizi mmezipata wapi?"

Jamaa akamwonyesha simu, ule ujumbe wa Shebi.

Nilimwona anausoma. Akaumaliza, akarudia. Hakuniangalia. Na mimi pale nikasahau pingu, nikasahau tembo, nikawa namwangalia yeye tu. Kwa sababu alikuwa ameelewa kabla ya wote.

Akarudisha simu. Akasema, "Meno ni hapa. Ni jina la kliniki. Dokta anauza kliniki."

Alilisema wazi, mbele ya mapokezi yote. Benchi zima likaniangalia. Wakuu, nilitamani waniambie bado ni kesi ya tembo.

Wale jamaa hawakuamini moja kwa moja. Sista akashuka na yule mnene mpaka ng'ambo ya barabara, akamwonyesha kibao. Mwenye duka la mabegi akaombwa ayainue mabegi kwa ndoano. Nasikia ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na tatu mtaa kusoma jina langu lote, na baadhi walishangaa kuna Kiingereza. Shebi naye akaitwa, akaja anahema, akaeleza huku jasho linadondoka kwenye simu.

Yule mnene alirudi anacheka mpaka ameshika ukuta. Nikafunguliwa pingu. Akaniambia, "Dokta, siku nyingine andika kliniki." Halafu akashika shavu, akauliza kama tunaweza kumwangalia gego la kulia. Sista Leo akampa kikaratasi cha namba nane, akamwonyesha pa kukaa. Akakaa. Foleni ni foleni.

Siku ile tulihudumia wote mpaka wa mwisho. Sista hakunisemesha kitu nje ya kazi. Koleo. Pamba. Mvute mate. Kesho yake hivyo hivyo. Mtu uliyezoea akikwambia Dokta shati lako limetoka, Dokta hujala, leo anakupa koleo tu. Nilikuwa nawaza bora angenitukana.

Siku ya tatu akaja dada mmoja, Dokta Hansa. Ni Mhindi wa mjini hapa hapa, kazaliwa na kukulia Kisutu, Kiswahili chake kinanizidi mimi. Alikuwa ameajiriwa kwenye kliniki ya mtu, anatafuta ya kwake. Yeye ujumbe wa Shebi ulimfikia kupitia kwa baba yake, mwenye duka la vyuma jirani yetu, kwa hiyo aliuelewa.

Akaniambia Jumanne, siku ile ya pingu, alikuwepo. Alikuja kama mgonjwa ili apeleleze. Alikuwa namba tano.

Nikajua basi, nimekosa mteja. Nikaanza kuomba radhi.

"Hapana, sikiliza," akasema. "Watu waliambiwa wasitoke, na hakuna aliyekuwa na mpango wa kutoka. Mimi nanunua. Ila yule nesi wako abaki. Asipobaki, sinunui."

Akanipa wiki moja nimletee jibu.

Kwa hiyo wakuu, mgongo wangu, ajira za watu saba, kliniki niliyoijenga kwa gego la mbeba mizigo, vyote vikawa mikononi mwa mtu niliyemficha. Na huyo mtu hanisemeshi.

Nilizunguka siku mbili. Nilinunua sambusa, akagawia wagonjwa. Nikamwuliza habari za watoto, akasema wazima. Ikabidi niache ujanja. Jioni saa kumi, wagonjwa wameisha, yeye anaosha vifaa, nikaenda nikasimama pale kwenye sinki.

Nikamweleza kila kitu. Mgongo, ushauri wa jamaa yangu, hofu yangu. Nikamwambia niliogopa ukijua utaondoka.

Akafunga maji. Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Miaka kumi na tatu, Dokta. Uliniona naelekea mlangoni lini?"

Nikachukua koleo moja nikaanza kulifuta.

Akaendelea kwamba mgongo wangu aliujua kabla yangu, ndiyo maana mwaka mzima alikuwa anainua kiti juu zaidi bila mimi kuona. Kwamba kama ningemwambia, yeye ndiye angenitafutia mnunuzi, tena kwa wiki moja, na asingenifunga pingu. Akasema kilichomuuma siyo kuuza. Kilichomuuma ni kusoma habari ya kazi yake kwenye simu ya askari.

Nikamwambia samahani. Wakuu, mimi ni Mchaga, samahani kwetu inatoka kwa shida kuliko gego. Ilitoka.

Akatundika taulo. Kisha akasema atabaki na Dokta Hansa, ila kwa sharti moja. Wagonjwa wa siku zote niwaambie mwenyewe. Mmoja mmoja, uso kwa uso. "Usibandike karatasi mlangoni," akasema. "Wao hawakukuletea meno yao kwa karatasi."

Nikakubali. Dokta Hansa akaja na mwanasheria, mkataba ukaandikwa, na mwanasheria akasisitiza kuweka kipengele kwamba kliniki inayojulikana kama Meno haihusiani kwa namna yoyote na tembo. Tukasaini.

Mwezi mzima uliofuata nikawa natangaza habari yangu. Na mimi ni mwoga, nakiri. Nilikuwa nasubiri mtu apanue mdomo, nijaze pamba, ndiyo nimwambie. Hawezi kujibu. Anabaki anatoa macho, mimi nashughulika na jino kama sijasema kitu. Sista Leo alinigundua siku ya pili tu. Akawa anatoa pamba.

Mama wa vitenge akauliza kama ile bei yake ya jumla inahamia kwa daktari mpya. Yule mzee wa samaki akauliza huyo dada ana mkono mwepesi au mzito. Jamaa wa mkokoteni, yule aliyelala kwenye kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo na sisi umetuuza?" Nikasema hapana. Akasema sawa, lakini hakucheka, na aliposhuka ngazi nilisikia hatua zake zinaenda polepole mpaka chini.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja muuza kamba na maturubai, mtaa wa nyuma. Mzee mkali. Miaka yote nikimsalimia shikamoo anaitikia marahaba huku anaangalia saa. Hakuwahi kunisemesha zaidi ya "hapa panauma" na "umemaliza". Siku yangu ya mwisho kazini ndiyo akaja kung'oa gego la chini.

Safari hii sikusubiri pamba. Ila sindano ya ganzi nilishamchoma kabla sijapata ujasiri. Nikamwambia mzee, mgongo umenishinda, kesho atakuwepo Dokta Hansa, ni mzuri, namwamini. Akaniangalia. Nikang'oa, likatoka salama, nikamwekea pamba aiume.

Akainuka kwenye kiti. Kwa kawaida anachukua koti anaondoka. Siku hiyo akaitoa ile pamba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kuongea.

Aliongea kirefu. Na nusu ya mdomo wake ilikuwa imekufa ganzi, mdomo wa chini umelegea, mate na damu kidogo vinamtoka pembeni, kila neno linageuka uji. Sikushika hata moja. Na hakuwa mtu wa kumwambia rudia mzee, sijasikia. Alikuwa ananiangalia machoni, ananibana mkono, na macho yake yameloa.

Nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Nikasema asante, mzee. Akaridhika, akanipigapiga begani, akavaa koti, akaondoka. Nikageuka kwenye kabati nikajifanya natafuta kitu mpaka Sista Leo alipotoka chumbani akaniacha peke yangu.

Sasa ni mwaka na nusu. Kliniki ipo, imeongezwa kiti cha nne. Sista Leo ndiye meneja. Mgongo umetulia, soksi navaa mwenyewe.

Nilichojifunza, kwa wale mnaofikiria kuuza biashara zenu: mwanasheria tafuta, dalali tafuta, lakini mtu aliyeshika upande wa pili wa mzigo siku zote mwambie wa kwanza. Siri niliyoitunza ilivuja kwa askari, kwa mtaa, kwa kila mtu, ikamfikia mwisho yule pekee aliyestahili kuijua mwanzo. Na ukiandika tangazo, andika nomino kamili.

Waliowahi kuuza duka, shule, basi, chochote mlichokikuza kwa mikono yenu, niambieni mliwaagaje wateja wenu. Madalali mnaoninunia kwa niliyoandika, nanyi njooni, nimeshawasamehe.

Na kama humu kuna mtoto au mkwe wa mzee mmoja mkali anayeuza kamba na maturubai Kariakoo, nakuomba kitu kimoja. Muulize siku ile alisema nini. Usimwambie kwamba sikusikia.